Udhaifu wa Zimwi

"Mwenzangu, mbona zimwi lako linakohoa kama marehemu mumeo?" jirani aliwahi kumuuliza Bi Mwanahawa.

Akacheka tu. Sheria ni kwamba anayebuni zimwi la mchezo wa mezani huishi nalo nyumbani, mpaka wachezaji waliite mchezoni waliue. Na kila zimwi lazima lipewe udhaifu. Yeye, mjane, aliliandikia ule wa mumewe: likiitwa, halijui kukataa.

Leo, alipomaliza sala ya Alasiri, alilikuta jikoni limeshika andazi.

"Bismillahi," likasema.

Hilo yeye hakuliandika.

"Baba Salha," jina la mumewe likamtoka, "leo usiende. Kaa nami."

Kengele ya wachezaji ikalia, kuliita. Zimwi likarudisha andazi sahanini, likavaa makubadhi ya marehemu, likatoka.