Farasi wa Mwisho

Kila mbio za farasi zilipokwisha, Chiriku aliruka zizi hadi zizi akitangaza matokeo, kuanzia mshindi hadi wa mwisho. Wa mwisho siku zote alikuwa Farasi Mzito, naye alichoka kuaibishwa.

"Dada Chiriku, wataje washindi tu. Mimi niache."

"Siwezi, kaka. Siondoki kwenye mstari wa mwisho mpaka nimewaona wote wakifika."

Msimu uliofuata, katikati ya mbio, Mzito aliteleza korongoni, mguu ukanasa kwenye mawe. Wenzake walikwisha kufika na kumsahau. Fisi walipoanza kulia, akasikia kwato za wenzake, na sauti ya Chiriku ikiziongoza: "Matokeo hayajakamilika. Bado mmoja."

Wakamnasua.

Tangu hapo, jina lake likitajwa mwisho, Mzito huinamisha kichwa na kusema, "Ahsante, dada. Nimefika."