Mkono wa Juu Mzito

Kinyozi aliupaka upinde rangi mara tatu, akaufunga mshiko kwa ngozi mpya, akaisugua alama ya fundi kwa msasa mpaka vidole vikamuuma. Alipomaliza hata yeye mwenyewe asingeutambua, na ulikuwa wake.

Jumamosi asubuhi akaubeba hadi karakana ya shemeji yake.

Shemeji huyo, kaka wa mkewe, alikuwa fundi wa pinde na mwenyekiti wa chama cha walenga shabaha. Watu walimwita Mizani. Jina alijipa mwenyewe, kisha akavumilia miaka miwili mpaka watu walizoee. Alijigamba kwamba akiuvuta upinde mara moja tu, anakuambia mkono wake upi ni mzito kupinda, wa juu au wa chini, upi mwepesi, na aliyeuchonga alilala saa ngapi. Kila aliyempelekea kazi yake aliondoka pale amekunjamana kama nguo chafu.

"Nimepewa na mteja wangu," Kinyozi alisema mbele ya wanachama saba waliokuwa wamekaa kwenye mabenchi. "Kijana wa mtaa wa pili. Anaomba kujiunga nanyi kama fundi."

Mizani aliupokea kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota soksi isiyo yake. Akaugeuza. Akamtazama Kinyozi kidogo.

"Kijana huyo ameoa?"

"Na hilo linahusiana nini na upinde?"

"Nauliza tu, shemeji."

Akaulaza upinde juu ya gogo la kupimia lililokomelewa ukutani, akanasa ugwe wake kwenye ndoano, akaivuta kamba ya ndoano taratibu. Upinde ukaanza kujikunja. Mkono wa chini ulipinda vizuri, bila kona. Wa juu ukakaza shingo kama mtoto anayekataa dawa.

"Mkono wa juu mzito," Mizani akatamka. "Na si mzito wa bahati mbaya. Hapa palitaka tupa ipite mara kumi tu, mwenyewe akapaacha. Mshale wa upinde huu utapita juu ya shabaha hata ukilenga miguu yako."

"Na fundi wake je?" Kinyozi aliuliza kwa unyenyekevu.

"Msimpokee. Mtu wa namna hii hata akiuza mkaa atachanganya na mawe."

"Ungeyaandika hayo, shemeji? Kijana asije akasema nimemzulia."

Mizani akaandika, akatia sahihi, akagonga na mhuri wa chama.

Kinyozi aliipokea karatasi ile kama mgonjwa anayepewa ruhusa ya kwenda nyumbani. Miaka kumi na tisa nyuma naye alikuwa mwanachama hapa. Alitangaza mbele ya wote kwamba akitwaa kombe, siku hiyo hiyo atapeleka posa kwa dada yake Mizani. Mishale yake sita ikapita juu ya shabaha kama ndege waliofukuzwa shambani. Aliona aibu, akauacha uwanja, akashika mkasi. Binti mwenyewe alisema yeye haolewi na kombe, wakaoana. Lakini tangu hapo, kila Jumapili mezani, Mizani aliwasimulia wageni kwamba shemeji yake ana mikono ya kunyolea, si ya kulengea. Naye Kinyozi aliamini, mpaka mwezi uliopita, alipouvuta ule upinde wa zamani mbele ya kioo cha kibanda chake na kuona jinsi mkono wa juu ulivyogoma.

Akasimama juu ya benchi.

"Ndugu wanachama! Hakuna kijana wa mtaa wa pili. Upinde huu ni kazi ya Mizani mwenyewe, alinitengenezea mwaka ule wa kombe. Kumbe sikuwa mlengaji mbovu. Yeye ndiye fundi mbovu, na amejiandikia na kujigongea mhuri!"

Karakana ililipuka kwa kicheko. Mmoja alianguka kwenye maranda akabaki huko huko. Mwingine alitaka kujua gunia la mkaa wake ni bei gani, na mawe yanauzwa pamoja au kando.

Mizani alingoja mpaka wakachoka. Hakukasirika kwa lolote ila neno moja.

"Mbovu?" alisema. "Mimi, fundi mbovu? Nimeujua upinde huu tangu unapita nao mlangoni. Siku nne nilihangaika na huo mkono wa juu, niuache mzito kiasi cha kukukosesha, wala jicho la mtu lisione. Sijawahi kufanya kazi safi kama ile." Akaupangusa upinde vumbi kwa upendo. "Ningejua dada yangu anakutaka hata bila kombe, shemeji, ningejichosha vile kwa ajili ya nini?"