Sinki Lisilo na Kona

Mzee Ngwali alitoa tonge la ugali mfukoni, akalipaka kwenye kona ya sinki.

"Mzee wangu, unanunua sinki au unalilisha?" Mwanakheri, mwenye duka, alicheka.

Mzee hakucheka. Tangu bwana afya aseme kwamba kipindupindu kilichomuua mkewe kilitoka jikoni kwao, wala si kwenye bomba la mji, usingizi ulimpaa. Alijua wakubwa hawakosi wa kumtupia lawama. Lakini kesho binti yake anakuja kujifungulia kwake. Je, kama walisema kweli?

"Nataka lisilo na pa kuficha uchafu, mwanangu."

Mwanakheri akamwonyesha la chuma, la mviringo, laini kama yai. Mzee akalipaka ugali.

"Haya, fungulia maji tuone," mzee alisema.

Bomba la dukani, lililounganishwa na lile la mji, lilikohoa, kisha likamwaga. Ugali ukateleza wote, haikubaki hata chembe.

"Umeona? Safi kabisa!"

Mzee alikuwa ameziba tundu la sinki kwa kiganja, na maji yalikuwa yakijaa taratibu, rangi ya chai, yakivifunika vidole vyake.