Mbegu ya Muhogo

"Ni batobato," mkuu wa kitivo cha kilimo alisema, akikunjua jani la muhogo aliloletewa na mama mmoja mkulima. Jani lilikuwa limekunjamana kwa ugonjwa huo, lina mabaka ya manjano.

"Imetumaliza kijiji kizima, mwalimu. Tumeambiwa hapa mna mbegu inayoihimili."

Ilikuwepo. Mkuu aliihangaikia miaka kumi na moja katika shamba la majaribio. Wiki iliyopita chuo kikuu kilitaka eneo hilo ili kijenge jengo la kompyuta, naye alitia saini bila ubishi, kwa kuwa wanafunzi wa kilimo walikuwa wamebaki tisa.

"Nipe hata vijiti vitatu tu," mama alisema. "Nitavizalisha mwenyewe."

Mkuu alichukua panga, wakatoka mbio.

Shamba lilikuwa limeshasawazishwa. Dereva wa tingatinga alikuwa ananawa mikono.