Kidole Gumba cha Baba Kui

Gemu ya Kui ilishika mkia. Timu kumi na tisa zilikuwa zimeingia kwenye mashindano ya kutunga gemu kwa siku mbili, katika ukumbi mmoja wa mjini Nakuru, na ya kumi na tisa ilikuwa Kui peke yake, na simu yake yenye kioo kilichopasuka.

Gemu yenyewe haikuwa na makeke. Duara linateremka barabarani. Mbele unatokea ukuta wenye tundu la mraba. Duara sharti ligeuke mraba ndipo lipite. Kisha unakuja ukuta wenye tundu la pembetatu. Likichelewa kugeuka, linagonga. Unaweka kidole kimoja juu ya kioo, basi.

Jaji mmoja, kijana wa miwani, alikaa nayo dakika tatu. Akaiweka simu mezani na kuendelea kuitazama, mikono mfukoni.

"Na hivi ndivyo ulitaka ikuwe?"

"Ndio, boss."

"Uko na masaa mawili bado. Si urekebishe?"

"Iko sawa."

Akamwandikia sufuri. Kui hakuona uchungu. Tangu Februari alikuwa hahisi kitu, hata chai ikimchoma ulimi.

Februari ndipo babake, Jamleck, makanika wa malori pale Salgaa, alipoanguka na spana mkononi. Kiharusi. Tangu siku hiyo alikuwa mtu wa kiti cha sebuleni, macho wazi, hasemi, hasogezi hata ukucha. Rahab, mamake Kui, alimpeleka mazoezi ya viungo kila Jumanne, na kila Jumanne alirudi akisema amemwona akijaribu. Hakuna mwingine aliyewahi kuona.

Naftaly, kaka mkubwa wa Jamleck, alichoka kuambiwa. Alitaka kumrudisha Keringet, shambani, mbali na hayo mazoezi. "Huko atapumzika," alisema, na kila mtu alijua ni mapumziko ya aina gani. Rahab alimsihi mpaka sauti ikamkauka. Mwishowe, siku chache kabla ya mashindano, wakaafikiana mbele ya mchungaji, na maombi yakafanywa: Jamleck akisogeza kidole kimoja kufikia Jumapili, anabaki Nakuru. Asiposogeza, anakwenda.

Jumapili baada ya kanisa, Naftaly alifika na pikapu. Nyuma alikuwa ameshatandika godoro.

"Anko, ngoja kidogo," Kui akasema. "Kuna kitu daddy ameanza kufanya."

Akaiweka simu kwenye paja la babake na kukilaza kidole gumba cha mzee juu ya kioo.

Duara likaanza kuteremka. Ukuta wa kwanza ukaja. Duara likageuka mraba, likapita. Naftaly akainama, pua karibu iguse kioo. Ukuta wa pili: pembetatu, likapita. Wa tatu. Wa nne. Alama zikafika arobaini.

"Jamleck," Naftaly akaita. "Jamleck, kumbe uko?"

Akavua kofia na kulia waziwazi, mzee wa miaka sabini na kitu. Alipomaliza kujifuta, akanyoosha mkono.

"Hebu nami nijaribu."

Kui akaishika simu isitoke pajani.

"Naftaly, usimnyang'anye mgonjwa," Rahab akaingilia. "Ndio ameanza tu kushika." Akaichukua simu mwenyewe na kuiegemeza kwenye thamosi, kioo kikiwa upande wake. "Kunywa chai. Hakuna mtu anaenda Keringet leo."

Naftaly alikunywa vikombe viwili na kula andazi. Alimshika nduguye bega, akamwombea, akasema Jumapili ijayo ataleta ukoo mzima waje wajionee. Kisha akaondoka na godoro lake, akipiga honi mpaka kona.

Kui akarudi ndani kukusanya vikombe. Alingoja furaha imjie, au basi aibu. Haikuja hata moja. Babake alikuwa anatazama dirisha, mikono pajani pale pale ilipoachwa.

Mamake alikuwa bado mezani, anaitazama simu. Hakuna aliyeigusa tangu chai imiminwe. Duara lilifika ukutani, likageuka mraba, likapita. Likafika, likageuka pembetatu, likapita. Alama elfu moja mia mbili na kumi.

Rahab akavuta kitambaa cha kufuma kutoka kwenye mgongo wa kochi na kuifunika simu taratibu.

"Jumapili," akasema, "hakikisha iko na chaji."