Sponji Nyeusi za Mwatima

Mwatima alisimama kwenye maji ya kiunoni, kisu mkononi, mbele ya kamba aliyotundikia sponji za baharini anazozifuga. Zilikuwa nyeusi, na wenzake wa ushirika walisema si jamii moja na zao za kahawia. Zikatwe zote kabla hazijaharibu shamba.

"Shangazi, ngoja!" Salha wa maabara alikuja akiyapasua maji, baibui limemganda mwilini. "Nimezipima. Vinasaba ni vilevile, hata nyuzi zake kwenye hadubini ni zilezile. Umezitundika juu juu mno, jua limezichoma tu."

"Kama lilivyonichoma mimi?"

"Wewe umezidi!"

Mwatima akacheka mpaka machozi yakamtoka. Akaibonyeza sponji moja taratibu, kama shavu la mjukuu, akaiachia. Ikajaa tena maji, polepole.