Mpira wa Mbwa

Mbwa wangu aliketi. Hakuketi mbele ya kontena la ndizi tulilolifungua, ambalo nyuma ya ukuta wake tulikuta nafasi tupu: kokeini ilikuwa imekwisha kuondolewa kabla hatujafika. Aliketi miguuni pa mkuu wetu, Wouter, akakaza macho kwenye mfuko wa koti lake.

Askari wenzangu wakacheka. "Mkuu, leo umeficha soseji humo?"

"Amechoka huyo," akasema Wouter. "Mwondoe, bwana mdogo. Baridi ya bandari hii ya Antwerp imemziba pua."

Mbwa hakutikisika. Tone la mvua lilining'inia kwenye ncha ya pua yake, naye hakulilamba.

Kila askari wa bandari ile aliijua kanuni ya mbwa wetu. Akinusa dawa za kulevya, huketi kimya. Na akishaketi, hana budi kupewa mpira wake papo hapo, kama tuzo. Akinyimwa, hujifunza kunyamazia anachonusa. Wouter mwenyewe ndiye aliyenifundisha hayo, mwaka ule ule aliomsimamia binti yangu katika ubatizo.

Nilimtazama usoni. Mashavu yalikuwa yamempauka, na kahawa ilikuwa ikimwagika kidogo kidogo kutoka katika kikombe alichokishika.

"Mwondoe," akanong'ona. "Nakusihi, mwanangu."

Kicheko kikakoma. Mbwa akageuza kichwa, akanitazama mimi, akingoja haki yake.

Nikatia mkono mfukoni, nikautoa mpira.